Jiwe la Bibi Lililoelea

Bibi yangu mzaa mama aliishi Kyela, upande wa Ipinda, kwenye nyumba ambayo msingi wake ulinyanyuliwa makusudi ili maji ya Aprili yasivuke kizingiti. Chini ya kitanda alitunza jiwe la kusugulia visigino. Lilikuwa la kijivu, limejaa vitundu kama andazi lililoumuka vizuri, na jepesi kiasi kwamba ukilitia kwenye beseni la maji halizami. Jioni, akitoka shambani, aliosha miguu, nasi wajukuu tukalisukuma lile jiwe kwa vidole, tukijifanya ni mtumbwi wa wavuvi wa Matema. Tulipomuuliza amelitoa wapi, alijibu neno moja tu: "Mtoni." Tulipouliza mto nao umelitoa wapi, alinyanyua kidevu kuelekea kaskazini, kwenye milima ambayo siku nyingi za mwaka hujifunika mawingu.

Hakuwahi kufika huko. Mimi nami, miaka yote ya utoto, sikuwahi. Tulipita tu barabarani, ndani ya basi la Mbeya, tukinunua ndizi dirishani pale Tukuyu na kuendelea. Lakini tuliijua mito inayotoka huko kama mtu anavyomjua jirani mkorofi: Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Yote inashukia bonde letu. Inatuletea tope jeusi linalootesha mpunga ambao harufu yake inajaza nyumba kabla sufuria halijafunuliwa. Masika ikizidi, mito hiyohiyo inavunja kingo na kuchukua kuku, mihogo na madaraja ya miti. Mwaka mmoja ilichukua banda zima la mbuzi la mjomba wangu, usiku, wakati nje hakukuwa na hata tone la mvua. Hilo ndilo lililonisumbua kwa muda mrefu: mafuriko ya usiku mkavu.

Mwisho wa Oktoba niliamua kuyafuata maji kutoka yanakoanzia. Nilipanga nianzie juu, kwenye milima ya Uporoto, nishuke nayo kwa miguu na kwa bodaboda hadi Kyela.

Dar es Salaam ninakoishi, ukitaja volkano watu wanakujibu Kilimanjaro, na wachache wanaongeza Oldoinyo Lengai. Mlima Rungwe hautajwi. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu kusini mwa nchi yetu kuna jambo ambalo si rahisi kulikuta kwingine: Bonde la Ufa linagawanyika mikono mitatu, mmoja ukienda Rukwa, mmoja Usangu na mmoja Ziwa Nyasa, na mikono hiyo inakutana hapahapa, baina ya Mbeya na Tukuyu. Ardhi ikivutwa pande tatu, inapasuka, na moto wa chini unapata njia. Ndiyo maana kwa mwendo wa siku moja unaweza kupita mlima Ngozi, ukauzunguka Rungwe na kuuona Kyejo ukikuangalia kwa upande wa pili. Kyejo ulimwaga zaha mnamo mwaka wa 1800 hivi. Kwa umri wa milima, hiyo ni jana.

Basi dogo lilinishusha Isongole, katikati ya magunia ya viazi mviringo yaliyojazwa lumbesa hadi yakaota vichwa. Ubaridi ulinipiga usoni. Kijana aliyeniongoza kwenda Ngozi alinitazama viatu, akatikisa kichwa. "Dada, hivyo ni vya mjini. Vaa gambuti." Aliniazimia za mdogo wake. Bodaboda ilitupeleka hadi mwisho wa njia ya udongo, na kutoka hapo ni miguu.

Msitu wa Ngozi una giza la mchana. Makangaga yana mashina marefu kama minazi michanga, migomba pori inaning'iniza majani yaliyochanika, na juu kabisa mbega wanaruka kutoka tawi hadi tawi, mikia yao myeupe ikibaki hewani kidogo baada ya wao kupita. Njia inapanda polepole, kisha ghafla inasimama wima, ukashika mizizi kama ngazi. Nilianguka mara mbili kwenye tope. Kijana hakucheka, alirudi, akanipa mkono, akasema, "Pole dada, karibu tunafika," na hakuwa anasema kweli, maana ilichukua nusu saa nyingine.

Halafu miti ikaisha, nasi tukawa tumesimama ukingoni.

Chini yetu, kama mita 200 hivi za ukuta wa majani, kulikuwa na ziwa la kijani lisilotikisika. Halina mto unaoingia wala unaotoka. Ni kasoko, shimo lililobaki mlima ulipojilipua na kudidimia, kisha mvua ikalijaza kwa uvumilivu. Mlipuko wa mwisho wa Ngozi haujafikisha hata miaka 1,000, na chini ya maji yale mlima bado unapumua: watafiti wamepima gesi ya kabonidayoksaidi ikipanda kutoka ardhini. Gesi hiyohiyo, sehemu nyingine ya wilaya ya Rungwe, huvunwa visimani na kutiwa kwenye mitungi kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Inawezekana kabisa kwamba umewahi kunywa pumzi ya volkano ndani ya soda bila kujua.

Wasafwa na Wanyakyusa wanaoishi kuzunguka mlima huu wameliheshimu ziwa tangu enzi za mababu, na wapo wanaofika kufanya matambiko. Kijana aliniambia watu wazima hawapendi kelele pale juu. Kuna njia ya kushukia majini, ya kujishikilia kamba na matawi, ila siku ile udongo ulikuwa umelowa nami nikakataa. Sijutii. Nilikaa ukingoni karibu saa nzima, ukungu ukalifunika ziwa, ukalifunua, ukalifunika tena. Kitu kimoja tu kiliniumiza: chupa za plastiki zilizotupwa nyuma ya kichaka, pale watu wanapopumzika na kupiga picha. Tuliziokota, mfuko ukajaa. Mahali ambapo mzee wa kijiji anashusha sauti ili asisumbue, sisi wageni tunaacha chupa.

Siku iliyofuata niliukuta mto Kiwira.

Niliuzoea ukiwa mnene, wa rangi ya chai ya maziwa, ukijivuta kwenye tambarare. Huku juu ni mto mwingine: mweupe kwa povu, mwembamba, una kelele za mtu aliyechelewa. Unakusanya maji ya Uporoto na ya mteremko wa magharibi wa Rungwe, kisha unajichimbia njia ndani ya zaha iliyoganda. Njia hiyo imeacha mambo mawili ambayo kila mtoto wa Mbeya ameyasikia shuleni.

La kwanza ni Daraja la Mungu. Ni mwamba uliovuka mto kutoka ukingo hadi ukingo, bila mkono wa mtu, na maji yanapita chini yake. Wataalamu wa miamba hueleza kwamba zaha ilitiririka ikaukuta mto. Ya juu ikapoa na kuwa ngumu, na maji hayakukubali kuzibwa, yakajitafutia tundu chini. Nilisimama juu yake nikahisi mtetemo mdogo kwenye nyayo. Moto ulitaka kupita, mto ulitaka kupita, na mwishowe kila mmoja akapata njia yake.

La pili ni Kijungu, ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo unaomba ruhusa getini na kupewa mtu wa kukusindikiza. Hapo mto mzima unaanguka kwenye shimo la mwamba lenye umbo la chungu kidogo, unazunguka kwa hasira, unapotea chini ya jiwe na kutokea mbele. Mto mzima, nasema. Ule ambao Kyela unahitaji daraja refu, hapa unaingia kwenye chungu ambacho ungedhani unaweza kukiruka. Askari aliyenisindikiza, mtu mzima mwenye mvi, alinishika kiwiko nilipoinama. "Usisogee hapo, mwanangu. Jiwe hilo lina utelezi, na maji haya hayarudishi mtu." Nikarudi nyuma hatua tatu. Nilimwambia kwetu ni Kyela. Akatabasamu kwa mara ya kwanza: "Basi haya ni maji yenu. Yatafika kwenu kabla yako."

Nililala Tukuyu, kwenye gesti yenye blanketi mbili na chai ya rangi yenye tangawizi, na saa kumi alfajiri nikaamka kwa ajili ya Rungwe.

Mlima Rungwe una urefu wa mita 2,960 hivi, na hauna ngazi wala vibanda. Mimi na yule kijana tulianzia upande wa misheni ya Rungwe, ambayo Wamoravian waliianzisha mwaka 1891. Tulipita kwenye chai iliyokatwa sawasawa kama zulia, kwenye migomba, kwenye miparachichi ambayo sasa imeingia hadi kwenye viwanja vya nyumba. Tulisalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," tukajibiwa, "Ndaga," na bibi mmoja aliyekuwa akichuma chai aliacha kazi, akaniangalia, akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo wa mama alinipa parachichi mbili za njiani.

Kabla ya kuingia msituni, njia ilipita kwenye ukingo uliokatwa na mvua. Udongo wa juu ulikuwa mweusi. Chini yake kulikuwa na mkanda mzito wa vijiwe vya rangi ya mchanga, umekaa kama jamu ndani ya mkate. Niliingiza vidole nikachomoa kimoja. Mkono wangu ulikitambua kabla ya macho. Hakikuwa na uzito.

Nilikaa chini palepale. Kijana alidhani nimechoka.

Miaka ipatayo 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu ambayo ni vigumu kuiwaza ukiwa umesimama katikati ya chai. Zaha iliyokuwa chini ilikuwa imejaa gesi. Ilipopata mwanya, ikafanya kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa kwa pupa. Povu likarushwa angani, likapoa likiwa bado lina mapovu ndani, na likaanguka kama mvua ya mawe mepesi. Majivu ya mlipuko huo yalifika mbali. Watafiti wameyakuta kwenye matope ya chini ya Ziwa Nyasa. Tangu hapo kila mvua inachimba kidogo, kila kijito kinabeba kidogo, na kijiwe kinaelea, kinanasa, kinaelea tena, hadi siku moja mwanamke anayerudi kutoka kwenye mpunga anakiona kando ya mto na kusema, hiki kitafaa kwa visigino vyangu.

Nilikitia mfukoni.

Msitu wa Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009. Una mti unaoota juu ya mti mwingine, na kuvumwani inayoota juu ya yote miwili. Kila kitu kinadondosha maji, hata siku isiyo na mvua. Ndani ya msitu huu na kwenye milima ya Livingstone jirani anaishi kipunji, nyani mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kilichosimama kichwani. Watafiti waliokuwa wakiongozwa na Tim Davenport walisikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa hapa. Mwanzoni haikuwa wazi kama ni mnyama wa kweli au wa kwenye masimulizi. Mwaka 2005 walimtangaza kwa ulimwengu, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Magazeti ya nje yaliandika kwamba amegunduliwa. Lakini alikuwa na jina. Kitu chenye jina tayari kimeshajulikana na mtu, na nadhani wale wawindaji walistahili mistari zaidi ya waliyopewa.

Sikumwona. Nilimsikia, au kijana alisema ndiye: mlio mzito wa chini, kama honi na kubweka kwa wakati mmoja, ukatoka bondeni upande wa kushoto na kunyamaza. Tulisubiri tukiwa tumeshikilia pumzi. Haukurudi.

Baada ya msitu ikaja mianzi, iliyobanana kiasi cha kutembea kiubavu, kisha nyasi na vichaka vifupi, na upepo. Saa sita na nusu tulifika juu. Kilele cha Rungwe si ncha. Ni ukingo wa kasoko iliyobomoka upande mmoja, na ndani yake kuna vilima vidogo vilivyoota nyasi. Mawingu yalikuwa yamejaa pande zote. Tulikula ndizi za kuchemsha na parachichi za yule bibi, bila kusema neno. Kijana aliniambia wengine hupanda na kushuka bila kuona chochote.

Mawingu yalifunguka kwa muda ambao ungemtosha mtu kusema salamu zote za nyumbani. Kusini, chini kabisa, kulikuwa na Ziwa Nyasa, bamba la fedha lisilo na mwisho. Mbele yake tambarare ya kijani iliyopauka: kwetu. Na kati yangu na kwetu, mistari ya mito ikimetameta, ikishuka kutoka miguuni pangu. Pale niliposimama ni karibu mita 3,000. Uso wa ziwa hauzidi mita 500. Na umbali wenyewe, kama ungeupima kwa kamba iliyonyooka, haufiki kilomita 60. Maji yanashuka kimo chote kile kwa safari fupi namna ile.

Nikauelewa ule usiku wa mbuzi wa mjomba. Kyela hakukuwa na mvua. Huku juu ilikuwepo. Ilinyesha hapa, ambako baadhi ya sehemu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ikatiririka gizani kupita chai na migomba, kupita kwenye chungu cha mwamba na chini ya Daraja la Mungu, ikatufikia tumelala.

Wakati wa kushuka niliuangalia msitu kwa jicho jingine. Ile kuvumwani niliyokuwa nikiilaumu kwa kunilowesha mikono inashika mvua na kuiachia taratibu. Mahali ambapo mashamba yamesogea hadi kwenye mpaka, njia zilikuwa na mifereji mirefu iliyochimbwa na maji, udongo mwekundu ukiwa wazi kama kidonda. Simlaumu anayelima pale. Ana watoto na ardhi haiongezeki. Lakini siamini kwamba msitu wa Rungwe ni mali ya wanaoishi kandokando yake na watalii wanaolipa kiingilio peke yao. Mkulima wa mpunga wa Kyela ambaye hajawahi kuuona ana neno la kusema juu yake, na sijaona akiulizwa.

Miguu ilinitetemeka kwa siku mbili. Nilishuka kwa barabara ya Masoko, nikasimama kwenye ziwa jingine la kasoko, dogo na la mviringo, kando ya boma la mawe la Wajerumani. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walizamisha humo mali zao walipokuwa wanashindwa vita. Kwenye bonde la Mbaka niligusa chemchemi ya maji moto, nikautoa mkono upesi. Hewa ilizidi kuwa nzito, migomba ikaachia nafasi mikakao na minazi, na jioni nikaingia Ipinda nikiwa na tope la Uporoto kwenye gambuti ambazo nilikuwa nimesahau kuzirudisha. Nimeshazituma kwa basi.

Bibi alifariki miaka mingi iliyopita. Nyumba anakaa mama mdogo. Nilipiga magoti kumsalimia, akanipokea begi, akaniletea maji ya kuoga kwenye beseni kabla hata hajaniuliza habari za safari. Nikatoa kile kijiwe mfukoni nikampa. Alikigeuza mkononi, akakipima, kisha akakidondosha kwenye beseni. Kikazama nusu, kikaibuka, kikaanza kuzunguka polepole.

"Ndilo lenyewe," alisema. Akaliangalia kidogo. Kisha akageuka kuitazama milima, ambayo saa ile ilikuwa imeshajifunika.

"Huko juu, mwanangu, mvua imeshaanza?"